Mikwaruzo Ndani ya Kisanduku

Seremala huyu watu walimwita Fundi Msasa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Kwa miaka thelathini na nne haikutoka mikononi mwake meza, kabati wala kitanda chenye kibanzi hata kimoja. Hata sehemu zisizoonekana, mgongo wa droo na uvungu wa kiti, alizipiga randa, akazipiga msasa mara tatu, kisha akazipaka vanishi. Wateja walimwambia asijisumbue, kwani nani atainama kutazama huko chini? Aliwajibu kwamba yeye mwenyewe atajua, na hiyo inatosha. Mkewe, mkunga mstaafu asiyependa mbwembwe, alikuwa akisema kwamba mume wake akionyeshwa mti uliosimama, ataupiga msasa hukohuko porini.

Mambo ya ndege yaliletwa na huyo mke. Jozi ya kwezi, wale ndege weusi wenye mng'ao wa buluu, walikuwa wakitaga kwenye upenyo chini ya paa lao. Paa lilipotengenezwa upenyo ukazibwa, na ndege wakabaki wakizunguka nyumba wiki nzima kama wapangaji waliofungiwa mlango. Mkunga hakuweza kuvumilia. Akamwambia mumewe awajengee kisanduku, wakitundike kwenye nguzo ya kimo cha mtu uani, mkabala na dirisha la jikoni.

Fundi alijenga kisanduku ambacho ungeweza kumpa bibi harusi atunzie vito vyake. Kwezi walikikagua siku nne, wakahamia. Wakataga, wakaangua watatu, wakalea. Kisha siku moja kimya kikaingia, na baada ya siku mbili ikaingia harufu. Fundi alikivunja kile kisanduku, akakuta makinda watatu wamelala ubavu kwa ubavu, wakubwa, manyoya yote yametimia. Hakuna jeraha. Alizunguka nguzo mara tatu akitafuta wa kumlaumu, akaona msafara wa siafu ukipita chini ya ukuta. Basi, kesi ikaisha pale. Siafu ndio waliohukumiwa.

Mwaka huu alisema siafu hawatapata hata pa kupenyeza unyoya. Akajenga kisanduku kipya, chenye kuta zilizoumana meno kwa meno bila msumari, gundi kila ungio, kifuniko kimegandishwa moja kwa moja. Ndani alipiga msasa mpaka mbao zikawa kama sahani, kisha akapaka vanishi mara mbili ili mdudu akitaka kupanda ateleze. Nguzo akaipaka grisi. Kwezi walirudi, wakataga mayai manne, na yote manne yakaanguliwa.

Tangu siku hiyo Fundi hakutulia. Mkunga alikuwa akiweka alama kwenye kalenda ya jikoni, siku moja alama moja, na mumewe alikuwa akizihesabu upya kila asubuhi kana kwamba kuna mtu anaziiba. Chakula kilimshinda. Akisikia makinda wanapiga kelele, anauliza kama wana njaa. Wakinyamaza, anauliza kama wamekufa.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "nimezalisha wanawake elfu na ushee. Waume wa namna yako tulikuwa tunawatuma sokoni."

Siku ya ishirini na tatu kwezi wazazi walibadilika. Badala ya kuingia na chakula, walitua kwenye kamba ya kuanikia nguo, mdomoni viwavi, wakawa wanaita tu. Ndani makinda wakaitikia kwa nguvu zote. Fundi alisimama dirishani, chai inapoa mkononi.

"Kwa nini hawaingii?"

"Wanawaita watoke. Siku zimetimia," akasema mkunga. "Nenda kazini. Hapa utawatia wasiwasi na wewe."

Akaenda, lakini moyo aliuacha uani.

Karakana yake aligawana na fundi makochi, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye siku nzima alikata vitambaa na kumchokoza jirani yake. Siku hiyo alikuwa akikatia kitambaa juu ya ubao aliouokota kwenye mabaki. Ulikuwa ubao wa mbele wa kile kisanduku cha mwaka jana. Aliupenda kwa sababu ya tundu lake, maana akimaliza kazi aliutundika kwenye msumari. Asubuhi hiyo aliugeuza upande wa pili kwa mara ya kwanza, akacheka.

"Msasa, njoo. Leo nimekupata. Miaka yote unatutambia, kumbe una mbao zenye mikwaruzo."

"Hiyo si yangu."

"Ina vanishi yako. Nani mwingine hapa mjini anapaka vanishi upande wa ndani?"

"Basi ni visu vyako."

"Mimi nakatia upande huu. Huo sijaugusa, haki ya Mungu."

Fundi Msasa aliuchukua ubao, akaupeleka mlangoni penye mwanga. Mikwaruzo ilikuwa myembamba kama nywele, mingi isiyohesabika. Ilianza chini kabisa, ikapanda, mingine ikapinda pale kucha zilipoteleza. Yote ilikomea mahali pamoja, vidole vinne chini ya tundu. Zaidi ya hapo vanishi ilikuwa safi, inang'aa, kama alivyoiacha siku ile aliyoipaka.

Mtu aliyesoma mbao maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa. Makinda walikuwa wamekua, wameitwa, wametaka kutoka, na ukuta wake haukuwapa pa kushika. Wazazi waliruka mpaka tunduni kwa mabawa yao. Watoto walitegemea kucha. Siafu hawakuwa na kosa lolote. Aliyewaua alikuwa yeye, kwa msasa wake, halafu akaenda kujenga kingine laini zaidi.

"Vipi, ndugu yangu?" akauliza fundi makochi, mzaha umemtoka. "Mbona umebadilika rangi?"

Fundi Msasa alikusanya patasi, msumeno mwembamba na tupa, akavitia kwenye mfuko pamoja na ule ubao, akaichukua baiskeli ya mwenzake bila kuomba. Alikuwa na miaka sitini na moja na hakuwahi kupanda baiskeli ile yenye kiti kilicholegea. Njia nzima alijiuliza swali moja tu, kama mkewe atakuwa amemwona hata mmoja akitoka. Hata mmoja angempa nafuu.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni.

"Ametoka yeyote?"

"Hajatoka. Na wazazi hawajaingia tangu uondoke. Nimeanza kushangaa."

Akampa ubao. Mkewe alipitisha kidole juu ya mikwaruzo, polepole, kutoka chini kwenda juu, mpaka mahali ilipokoma. Akakirudisha chini, akakipandisha tena.

"Na hiki?" akauliza.

"Hiki ni kibaya kuliko kile."

Toka ndani ya kisanduku ilisikika sauti ndogo ya kukwaruza, kisha mdondoko, kisha kukwaruza tena. Kwezi mama aliita kwenye kamba. Walioitikia ndani walikuwa kama wawili, na sauti zao zilikuwa zimeshuka.

"Nikifungua wataruka ovyo kwa hofu," Fundi akasema. "Hawajawahi kuruka. Paka wa jirani yuko juu ya ukuta. Na wazazi wakiona mkono wa mtu, huenda wasirudi. Na nisipofungua..." Akapapasa kifuniko. "Hakina hata mlango. Nilikigandisha chote. Nilijiona mjanja."

"Unaweza kuutoa ubao wa mbele peke yake?"

"Naweza, nikikata maungio."

"Kwa muda gani utakuwa wazi?"

"Dakika tano."

"Nakupa tatu." Alikuwa amesimama tayari, anafungua kitambaa cha kichwa. Sauti yake ilikuwa imekuwa ile ya chumba cha kuzalishia, na mumewe, aliyeisikia mara mbili tu maishani, alinyooka. "Mimi nitawafunika. Wewe utafanya kazi yako, na ndani hutatazama. Ukitazama utatetemeka."

Mikono ambayo haikuwahi kumwaibisha mbele ya mteja ilishindwa kuingiza msumeno kwenye ungio, kwa sababu alikuwa amelibana barabara mno. Ilibidi aanze kwa patasi. Akapiga, akasikia ndani makinda wamenyamaza wote kwa pamoja. Akasita.

Mkewe alitega sikio kwenye ubao. "Wapo. Endelea."

Akaendelea. Wazazi walipaa wakipiga kelele, wakapotelea nyuma ya paa la jirani. Meno ya maungio, ambayo yalimchukua siku mbili kuyachonga, yalikatika moja moja. Hatimaye ubao uliachia kwa mlio wa kupasuka. Kadiri alivyouvuta, mkewe alitelezesha kitambaa nyuma yake, mpaka mikono yake miwili ikawa ndiyo ukuta wa nne.

"Wananisukuma," akasema kwa utulivu. "Wana joto. Anza."

Fundi alipiga magoti, akaulaza ubao mapajani. Alianza kuchimba mitaro kwa patasi, mmoja chini ya mwingine, toka tundu mpaka chini, kisha akaparua katikati kwa tupa mpaka vanishi ikatoka vumbi jeupe. Ilikuwa kazi ya hovyo kuliko zote alizowahi kufanya.

"Dakika mbili zimekwisha."

Alipuliza vumbi. Kisha, bila kujijua, kidole gumba chake kikaenda kwenye ukingo wa mtaro wa juu kutafuta kibanzi cha kuondoa.

"Baba watoto," akasema mkunga. "Usithubutu."

Akauinua ubao, akaurudisha mahali pake huku mkewe akichomoa kitambaa, wakauzungushia waya mara tano na kuukaza kwa koleo. Kisanduku sasa kilikaa upande, kimefungwa kama mzigo wa mtumba. Walirudi nyuma mpaka mlango wa jikoni, wakakaa.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwezi hawakurudi. Nusu saa ilipita, kisha saa nzima. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Ndani ya kisanduku kimya, na kile kimya Fundi alikijua. Alisema amewafukuza wazazi. Alisema bora angesubiri. Alisema bora asingesubiri kabisa, angefungua tangu alfajiri. Mkewe alimshika goti ili mguu uache kutikisika, ukaanza kutikisika ule mwingine.

"Niambie ukweli," akasema Fundi. "Ukiwa kazini, ulikuwa unajuaje?"

"Nilikuwa sijui," akasema mkewe. "Nilikuwa nakaa hivi hivi. Tofauti ni kwamba sikuruhusiwa kuonyesha."

Jua lilikuwa limeanza kupungua ukali mama alipotua kwenye kamba, panzi mdomoni. Aliita mara moja. Kimya. Aliita tena, na ndani akajibu mmoja, kisha wa pili. Halafu Fundi akasikia kucha. Safari hii hazikuteleza. Zilikuwa zikishika, zikipumzika, zikishika tena, kr, kr, kr, na alijikuta anahesabu mitaro pamoja nazo. Kichwa cha kijivu kikajaza tundu, kikashangaa dunia, na kabla mtu hajavuta pumzi kinda akajitupa, akapiga mabawa vibaya, akadaka tawi la mpera.

Wa pili alimfuata, na wa tatu hakuchelewa. Wa nne alipanda akaporomoka, akapanda akaporomoka. Fundi alikuwa ameuma kitambaa cha mkewe bila kujua. Mara ya tano kinda alifika juu, akakaa tunduni muda mrefu, kifua kinapanda na kushuka, mpaka baba yake alipomjia karibu na kiwavi na kurudi nacho nyuma. Akaruka. Alitua chini, na mkunga akainuka na ufagio dhidi ya paka, lakini yule mdogo alishajirusha kwenye ukingo wa karo la kuoshea vyombo, na kutoka hapo mpaka kwa wenzake.

"Wote wanne, mzee," mkewe akasema akicheka, ufagio mkononi. Aligeuka akamkuta mumewe bado ameketi, machozi yanamtiririka hadi shingoni. "Sasa unalia nini? Si wametoka?"

"Ile sauti waliyokuwa wanaita asubuhi," akasema Fundi. "Wakiwa ndani."

"Nimeisikia."

"Mwaka jana waliita hivyohivyo. Siku mbili. Nilimpigia dada yangu simu nikamwambia sikiliza ndege wangu wanavyoimba. Nikaiinua simu mpaka pale tunduni."

Mkunga aliuegemeza ufagio ukutani. Alivuta kigoda, akakaa karibu naye, na kwa muda aliwatazama makinda wanne wakigombania kiwavi kwenye mpera.

"Nilikuwepo," akasema. "Mimi ndiye niliyekwambia umpigie."