App ya pesa za nyumba na biashara: ile mashine ya droo moja ilivyotaka kumfunga ndugu yangu

Wakuu, hamjambo. Nimeona vijana hapa mnabishana ni app gani ya kupanga pesa za nyumba na za kibanda. Mimi ni nyanya wa Nakuru na sina haja ya kuwapikia story. Hii iliniuma mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi na mzee wangu Njuguna tulikuwa na duka la sukari, unga na mafuta ya taa. Yeye alikuwa akisafirisha viazi kutoka Molo, na ndugu yangu Mwangi alisimama kaunta.

Pesa zote zilikaa kwa mkebe mmoja. Stock ilikuwa inaisha haraka, na pesa ya kuongeza hakuna. Njuguna akasema tununue cash register, ile mashine ya kupiga kila mauzo.

Jirani yetu Mhindi, Bwana Hasmukh, alikuwa anauza mbili za mkono wa pili. Moja ndogo, ya bei poa. Ingine kubwa, ya droo mbili.

Akaniambia, "Mama, chukua kubwa. Droo moja ya duka, ingine ya nyumba. Hata bibi yangu akitaka chumvi, napiga mashine."

Njuguna alicheka hadi akakohoa. "Nijiuzie sukari yangu mwenyewe? Ala!" Tukabeba ile ndogo.

Mwisho wa mwezi, mashine na pesa zikapatana sawasawa. Lakini rafu zilikuwa tupu!

Njuguna akanitazama vibaya. "Vitu vinatoka bila kupigwa mashine. Nani hushinda hapo? Jumamosi nampeleka polisi."

Wakuu, alimaanisha Mwangi. Mwangi ndiye kijana pekee wa mama yetu. Akiitwa mwizi mji huu, nani angemwandika kazi tena?

Ijumaa nikasimama dukani nijionee. Mama mkwe akafika kutoka Dundori na kiondo. Nyinyi mnajua, kwetu kiondo cha mgeni hakirudi bila kitu. Njuguna akakijaza sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Baadaye akaja mjomba wake, naye akajaziwa.

Jioni mimi nikachukua unga wa ugali. Hapo ndipo nikaelewa. Sisi wote hatukuwa tunapiga mashine, kwa sababu hatukuwa tunauza!

Nikamwambia Njuguna. Woi, moto ukawaka. "Unamwita mama yangu mwizi?" Nikakimbia kwa Hasmukh nikamwomba ile kubwa, ya kujaribu tu.

Jumamosi Njuguna alishuka amevaa koti la kwenda polisi. Nikamzuia mlangoni, Mwangi akisikia kutoka kaunta. "Ngoja hadi saa sita. Kila kitu chetu kipigwe droo ya pili. Ukiona nadanganya, mpeleke Mwangi."

Siku ya soko watu wa kwao ni wengi. Aliwajazia viondo, mimi nikapiga mashine, na Mwangi akatuangalia. Saa sita nikampa Njuguna karatasi ya droo ya nyumba, ndefu kushinda ya duka. Akaisoma, akakaa juu ya gunia na koti lake, jasho likimtoka.

Mwangi akavua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka kaunta.

"Shemeji, ungeniuliza tu."

Akaenda Gilgil. Kwa arusi na matanga tulikuwa tunaonana, na alikuwa na heshima. Lakini kwangu hakuwahi kula tena, hadi tulipomzika.

Ile mashine kubwa tulinunua, na duka likasimama imara. Kila nikipiga droo ya nyumba nilikuwa nalia, na Njuguna alijifanya haoni.

Kwa hivyo vijana, rangi ya app achaneni nayo. Angalia kama ina mahali pa kuandika kile nyumba yako inakula. Kama haina, itakuonyesha mwizi, na atakuwa mtu wako.

Haya, semeni nanyi. Nani hapa amewahi kumshuku mtu wake kwa kaunta? Na mlipatana tena?