Kovu Ambalo Fundi Hakulitaja

Hebu mwone fundi cherehani akiingia mahakamani, bahasha kwapani, amejaa hasira. Ombi lake la hifadhi ya ukimbizi lilikataliwa. Leo ni rufaa, na akishindwa atarudishwa nchini kwao, kwa waliomchoma kwa pasi yake mwenyewe.

"Mama, kovu la pajani hukulitaja siku ya kwanza ya mahojiano," jaji alisema. "Umelitunga baadaye?"

"Kovu linatungwa, mheshimiwa, kama hadithi ya sungura? Mkalimani mliyenipa alikuwa mzee, rika la baba yangu. Nilimwamkia shikamoo. Ningemtajia mapaja?"

"Ungeomba mkalimani mwanamke."

"Nani aliniambia naruhusiwa?"

Jaji akafunga jalada. Uamuzi utatoka baada ya wiki mbili. Fundi alitoka kwa ghadhabu. Haya, mwenzangu, wewe ungemweleza baba yako?