Stata yenye alama ya marehemu mume wangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Babati ni ndogo, na huenda wahusika wako humu humu wanasoma.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi Maisaka na watoto wangu wawili. Mume wangu, nitamwita Baba Neema, alifariki mwaka jana mahindi yakiwa yanaanza kubeba. Alituachia pikapu kuukuu. Nilijifunza kuiendesha, na sasa nabeba mizigo ya watu siku za mnada. Ndiyo inayotulisha.

Baba Neema alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinichekesha. Kila kitu chake alikitia alama kwa msumari: mistari mitatu ya kusimama na mmoja wa kulala juu yake. Jembe, jeki, dumu la maji, hata mwiko wangu wa ugali. Siku moja nilimkuta chini ya gari anakwangua alama kwenye stata, kile kifaa kinachoamsha injini ukizungusha ufunguo, kwa sababu kesho yake gari lilikuwa linakwenda gereji. Nikamwambia, "Na wewe! Hata kwa shemeji?" Maana fundi wetu ni rafiki yake tangu ujana, na ni baba wa ubatizo wa mtoto wetu mdogo. Akacheka huko huko chini. "Hasa kwa shemeji." Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Mwaka huu stata ile ikafa. Fundi akasema imekwisha kabisa, ninunue mpya. Nikanunua kwa mzee mmoja mwenye duka la vipuri pale mjini. Akaniandikia risiti yenye waranti ya miezi sita, halafu akachovya kijiti kwenye rangi ya kijani akaweka tone ubavuni mwa stata. "Hii ndiyo sahihi yangu, mama. Ikikusumbua, rudi nayo." Nikaipeleka kwa fundi, nikamwachia gari nikaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Niliporudi, gari lilikuwa linawaka. Nikauliza ile ya zamani iko wapi, akasema ameitupa kwenye vyuma chakavu. Sikuwaza lolote.

Wiki ya saba niko Nakwa, nimepakia vitunguu vya watu, nazungusha ufunguo, kimya. Fundi akaja na pikipiki, akaifungua stata na kuifunga kwenye kiroba. "Shemeji, umeuziwa mbovu. Yule mzee usimwendee kinyonge, atakuzungusha mpaka waranti iishe. Mwakie!" Akanifungia nyingine, akasema ni ya kuazima.

Nami nikamwakia kweli. Mzee aliigeuzageuza ile stata, akavua miwani, akavaa tena. "Mama, hii sikukuuzia mimi. Rangi yangu iko wapi?"

"Imefutwa na oili."

"Rangi ile? Ilinidondokea kwenye kanzu, mke wangu amefua mpaka amekata tamaa, sasa kanzu ndiyo tambara la dukani."

Wateja wakacheka. Nikaona wananicheka mimi. Nikasema kwa sauti, "Kwa sababu mume wangu yuko kaburini ndiyo unaniuzia takataka?" Mzee huyo alikuja msibani kwetu, akakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka tukazika. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Pole, mama. Nenda ukaioshe vizuri, uitazame, halafu urudi tuzungumze."

Niliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikiitafuta rangi ya kijani ili nirudi nikamwaibishe. Kijani sikukiona. Uchafu ulipotoka niliona mistari mitatu imesimama, na mmoja umelala juu yake. Nililia nikiwa nimeinamia karai.

Nilikwenda Bagara kwa fundi mwingine, nikamuuliza bila kutaja mtu. Akasema stata iliyokufa ikibadilishwa kaboni, vile vipande vidogo vya ndani vinavyopitisha umeme, inaweza kuamka wiki kadhaa halafu ikafa tena. Lakini akasema pia, "Mama, gereji zina stata tele kwenye ndoo. Mtu anaweza kukosea akakufungia kwenye kiroba isiyo yenyewe." Natamani sana iwe hivyo.

Ila hii ya kuazima inawaka kwa kuguswa tu. Nikalala chini ya gari nikaitazama. Mwili mzima ni chuma kitupu, isipokuwa ubavuni kuna doa la rangi nyeusi, ukubwa wa kidole gumba. Pale pale mzee alipoweka tone lake.

Nilipomwambia fundi kwamba mzee amekataa, ile alama sikumtajia. Akasema, "Si nilikwambia? Achana naye, shemeji. Tumia hiyo hiyo, hata usinirudishie." Zamani ningemshukuru. Siku hiyo nilimtazama mikono.

Mwezi ujao mtoto anapata komunyo ya kwanza, na yeye ndiye baba yake wa ubatizo. Ameshamletea viatu vyeupe. Marafiki wengine wote wa Baba Neema waliacha kuja baada ya arobaini. Huyu peke yake ndiye bado anapiga hodi. Kwa mzee wa duka, sasa nazunguka mtaa wa nyuma nisipite mbele yake. Najua nilimshutumu mtu asiye na kosa, na natakiwa nimwombe radhi mbele ya watu wale wale. Lakini ataniuliza hiyo alama ni ya nani na ilifikaje mle, na nikijibu nitakuwa nimemtaja shemeji dukani.

Msumari wa Baba Neema ninao, uko kwenye kopo la vifungo. Kila asubuhi gari likiitika haraka, moyo unaniuma badala ya kufurahi. Naombeni ushauri, hasa ninyi mliofiwa: nilale chini ya gari nikalikwangue lile doa jeusi nione kilicho chini yake, au niliache, mtoto apate komunyo na baba yake wa ubatizo pembeni?