Jina Alilolitaka Wilkista

Wilkista, dada wa marehemu mume wangu, aliuza sukuma wiki na nyanya chini ya turubai huko Kipsongo, Kitale. Mteja hakupewa chenji kabla hajasikia habari za Yesu. Wengi walicheka wakaenda zao. Lakini aliyeokoka, huyo Wilkista hakumwacha tena. Alimfuata hadi nyumbani, akamfundisha kuomba, akalala kwake siku zile za kwanza za kuacha pombe, wakati mwili unatetemeka na marafiki wa zamani wanapiga hodi. Mchungaji wake alizoea kusema, "Sisi tunazalisha tu. Mlezi ni Wilkista."

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, mjane wa Mwalimu Wangila wa Tongaren. Nyumba yetu haikuwahi kuitwa kwa chifu, na nilikusudia ibaki hivyo. Nilimpenda Wilkista, ila ulimi wake ulinitesa. Herufi *l* na *r* alizichanganya kama mtu anayepanda mahindi na maharagwe shimo moja. Aliposimama kanisani kusoma Neno, nilitazama viatu vyangu.

Krismasi ya mwaka 2007 alikuja Tongaren na msichana aitwaye Nyaruai, Mkikuyu aliyezaliwa Kitale, ambaye zamani alipika pombe haramu ya chang'aa. Sasa alikuwa ameokoka na angebatizwa Januari.

"Muramwa," Wilkista aliniambia jikoni. Alikuwa na maana ya mulamwa, yaani wifi. "Huyu mtoto hana mtu. Nataka abatizwe na jina ra mama. Nekesa."

Nekesa alikuwa marehemu mama yake, mama mkwe wangu. Kwetu Bungoma jina la marehemu haligawiwi kama peremende. Hupewa mtoto wa damu, na anayelibeba huwa ni wa nyumba hiyo, kwa heri na kwa shari.

"Mpe Maria. Mpe Ruthu," nilisema. "Majina ya Biblia yamejaa tele."

"Ruthu arikuwa mgeni pia, na warimpokea."

"Wilkista, huyu alikuwa mpika chang'aa. Kesho akirudi huko, watasema Nekesa wa kwa Wangila amelewa sokoni."

Nyaruai alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Sijui alisikia kiasi gani. Aliweka sufuria chini taratibu, akatoka.

Wakarudi Kitale. Halafu matokeo ya kura yakatangazwa, na nchi ikashika moto. Kutoka Tongaren tuliuona moshi upande wa Kitale. Simu ya Wilkista ilipopatikana, nilimwambia aje nyumbani mara moja.

"Siwezi kuacha mtoto wangu," alijibu. "Hapa wanatafuta watu wa kabira rake nyumba kwa nyumba."

Nikamwendea Sifuna, shemasi wetu, mwenye pikapu. Tulifika Kipsongo asubuhi. Turubai la Wilkista lilikuwa majivu. Alitoka nyuma ya choo akimshika Nyaruai mkono, wote wawili wamejaa masizi. Walipanda nyuma, mimi nikakaa mbele, na kwa mara ya kwanza maishani nikaomba bila maneno.

Njiani kurudi Tongaren, kabla ya daraja, tulikuta mawe na gogo barabarani. Vijana walikuwa na mapanga na mishale. Mmoja mwenye kofia ya sufu alitushusha sote.

"Hatutaki makaratasi kwanza," alisema, "vitambulisho tutaangalia tukiona mtu hatumwelewi. Semeni tu: lala salama."

Walijua Wakikuyu wengi huigeuza *l* kuwa *r*. Nilisema. Sifuna alisema pole pole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja, akapita. Nyaruai, aliyecheza na watoto wa kila kabila tangu utotoni, alisema bila kosa.

Ikafika zamu ya Wilkista.

"Rara sarama."

Kisha kicheko kibaya.

"Ati rara! Si nilisema? Huyu ndiye. Toka huku, mama!"

Walimvuta kwa lesso. Kitambulisho chake kilikuwa kifuani, kimeandikwa Bungoma, na kingemwokoa papo hapo. Niliuona mkono wake ukienda huko, ukasimama. Nami nikaelewa. Akitoa chake, watataka vya wote. Aliushusha mkono.

Nyaruai akapiga hatua moja mbele. Midomo ilikuwa imefunguka. Nilijua anachotaka kusema: si yeye, ni mimi. Nikamkamata kiwiko, kucha zikaingia nyamani.

Wilkista alipiga magoti akaanza kuomba. Hakuomba kwa Kiswahili. Aliomba kwa Kibukusu, kwa sauti ya kuita ng'ombe, akimtaja Wele, yaani Mungu, na akiwaita wale vijana "babana", watoto. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gogo akainua kichwa.

"Nyinyi ni wajinga?" aliuliza. "Huyo ni Mbukusu. Nimekaa na hawa tangu sijaota ndevu. " Akamsalimu kwa Kibukusu: "Mulembe, mayi. Inuka."

Yule wa kofia aliaibika, na mwenye aibu ni hatari. Akageukia Nyaruai.

"Na huyu mbona analia? Wewe ni wa nani?"

Wilkista, bado yuko magotini, alinitazama mimi. Kwa miaka yote alikuwa amewafundisha waumini wake wachanga wasiseme uongo hata kwa hofu ya kufa, na hakutaka kusema kitu ambacho nyumba haijakubali. Lilikuwa jambo langu.

Sauti yangu, namshukuru Mungu, ilitoka ya darasani.

"Mimi ni mke wa Mwalimu Wangila wa Tongaren. Uliza popote. Huyu ni Nekesa, ana jina la mama mkwe wangu, ni mtoto wa nyumba yetu. Unataka niseme mara ngapi?"

Mzee akacheka. "Huyo kweli ni mwalimu. Ondoeni gogo kabla hajawachapa."

Moshi ukabaki nyuma yetu. Safari hii nilikaa nyuma pamoja nao. Nyaruai aliifunika mikono yangu kwa lesso yake.

"Muramwa," Wilkista alisema, "urimdanganya yure kijana?"

"Sijawahi kusema uongo juu ya nyumba yangu," nilijibu, "na sianzi leo."

Nyaruai alibatizwa Bungoma, Februari. Mchungaji alipouliza jina, nililitamka mimi, Nekesa Wangila, ili herufi zote zikae mahali pake.