Mwaka Leseni Zilipopanda

Barua ya kupandisha bei ya leseni za programu ya kompyuta ililetwa na muuzaji mwenyewe, amevaa tai, na alipokaribishwa chai akakataa. Kwa ofisi yetu mgeni kukataa chai ilikuwa dalili mbaya.

Nilikuwa msimamizi wa kompyuta katika kampuni ya kusambaza dawa za hospitali, katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa. Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa na kompyuta tisa zilizochakaa, kila moja na kazi yake. Mimi ndiye niliyemshawishi mwenye kampuni anunue seva mbili, kompyuta kubwa za kuhudumia ofisi nzima, pamoja na programu ya kuigawa seva moja ikawa kama mashine nyingi, kila moja ikijiona iko peke yake. Chumba cha kompyuta kikapoa, malalamiko yakapungua, nami nikapata jina.

Sasa wenye programu hiyo walikuwa wamebadilisha hesabu zao. Tulichokuwa tunapata kwa bei moja kilifungwa pamoja na vitu vingine ambavyo hatukuvihitaji, na fungu lote likauzwa karibu mara mbili.

Mwenye kampuni alikuwa mzee wa Kigujarati aliyerithi biashara kwa baba yake. Aliishi mbali, mtaa wa Kitisuru, lakini saa moja na nusu asubuhi ulimkuta mezani. Aliisoma barua mstari kwa mstari, rula ikiwa chini ya kila mstari, kisha akaniuliza, "Madam, hii programu tulinunua, ama tulikodisha?"

"Tulinunua, Mzee. Tunacholipia kila mwaka ni msaada na marekebisho."

"Basi tusilipe."

"Ikiharibika, hatutakuwa na mtu wa kumwita."

Akaikunja barua. Nilitoka mle ndani nikihisi kama ni mimi niliyepandisha bei.

Kulikuwa na njia nyingine. Programu ya bure ya kufanya kazi ileile ilipatikana kwenye mtandao. Niliipakua kwa siku mbili, maana nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa ndiyo kwanza zinafikishwa jijini. Nikaijaribu kwenye kompyuta kuukuu kwa majuma matatu, ikafanya kazi vizuri. Nikapeleka habari kwenye kikao.

Mhasibu mkuu, mama aliyekuwa amekaa pale muda mrefu kuliko sisi sote, alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni wewe ulituleta huku," akasema. "Sasa unataka kutuhamisha tena?"

Alisema kweli. Kikao kikaahirishwa, na cha pili kikaahirishwa vilevile. Muuzaji alinipigia simu kila Jumatatu kunikumbusha kwamba punguzo alilotuahidi tukilipa mapema linaisha mwisho wa mwezi. Nilianza kuichukia sauti yake, na yangu pia nilipomjibu kwa adabu. Katika kikao cha tatu Mzee akaamua: nihamishe mashine moja baada ya nyingine, na zote zikikubali kabla ya mwezi kuisha, tunahama.

Mashine ya barua pepe ilikubali. Ya mishahara ilikubali. Ikabaki programu ya stoki, iliyojua kila katoni ya dawa iko rafu gani na inaharibika lini. Niliiacha mpaka Jumapili, nikakosa kanisa, nikaihamisha. Ilifunguka, ikaonyesha mstari mmoja: kompyuta hii haitambuliki. Nilijaribu kila nilichokijua mpaka saa kumi alasiri, kisha nikairudisha ilikotoka.

Programu hiyo iliandikwa na kijana aliyeajiriwa pale kabla yangu, na ndiye aliyeiweka kwenye seva kabla ya kuacha kazi. Namba yake ya simu haikuwa ikipatikana tena. Mtunza bohari ndiye aliyenieleza kwamba alihamia Mutuini, kwenye shamba la wazazi wake. Jumamosi nikaenda. Nilimkuta amevaa gambuti za mpira, anakata majani ya ng'ombe. Alinikaribisha chai, nami nikaipokea.

Alinisikiliza, akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Hiyo kufuli niliiweka mimi," akasema. "Niliogopa Mzee atawagawia binamu zake programu yangu bure. Inaangalia alama za mashine, ikiziona zimebadilika inagoma. Ni zipi, siwezi kukumbuka."

Nikamwomba anipe programu asilia, jinsi alivyoiandika, nitafute mwenyewe. Akasema ilikuwa ndani ya kompyuta yake, na kompyuta iliibiwa wezi walipovunja nyumba aliyokuwa amepanga mjini. Nikamwuliza kama angekubali kuandika nyingine, kwa malipo. Akatikisa kichwa. Alikuwa amemaliza na mambo ya kukaa mbele ya skrini, alisema, akarudi kwenye majani yake. Sikuweza hata kumkasirikia. Niliondoka na maziwa chupa moja aliyonipa, na hasira isiyokuwa na mwenyewe.

Jumatatu nilimweleza Mzee yote. Akauliza kuandika programu ya stoki upya kungechukua muda gani. Nikamwambia mwaka, pengine zaidi. Akaamua tulipie seva moja, ile ya stoki, na ya pili iende kwenye programu ya bure. Muuzaji akasema punguzo lilikuwa la seva mbili. Kwa moja hakuna. Mzee akatia sahihi bila kuniangalia. Mhasibu mkuu aliipokea ile karatasi, akaitia kwenye faili, wala hakusema kwamba aliniambia. Ningependelea aseme.

Toka siku hiyo nilikuwa na seva mbili zisizoelewana. Nakala za akiba nilizifanya kwa njia mbili, marekebisho kwa njia mbili, na mashine haikuweza kuhamishwa kutoka upande huu kwenda ule hata upande mmoja ukiugua. Nilipochukua likizo ilinibidi niache daftari mbili za maelezo. Niliendelea hivyo miaka minne, mpaka nilipoacha kazi, na stoki ilikuwa bado iko palepale.