Polisi Alivua Kofia pa Kilio cha Baba

Ninyi vijana wenye mutasoma hii, munasema serikali ni nguvu, mwenye bunduki njo anatiiwa. Nyamazeni kidogo. Mimi sikusoma sana, lakini niliona bantu banatii, na niliona bantu banaogopa tu. Si kitu kimoja.

Nilikuwa binti mudogo mu kampi ya bafanyakazi wa mugodi, hapa Elisabethville. Baba alikufa na ugonjwa wa kifua. Ndugu zake balikuya na kamyo ya mizigo kutoka Kasomeno kumulilia. Kwetu, bantu banalala pa kilio mupaka mufu azikwe. Lakini muzungu wa kampi alikataza mugeni kulala bila ruhusa. Bageni bakikutwa, mama na sisi batoto tungetupwa inje ile ile siku.

Jua likiwa linashuka, polisi akafika, kofia nyekundu, fimbo mukononi.

"Bageni bote batoke, mbele king'ora ya usiku ilie!"

Balitoka, ndiyo. Bakazunguka nyuma ya jiko, bakaingia tena. Akabafukuza tena, bakafanya vile vile. Mama alijua nyumba inapotea.

Ule polisi alikuwa munungwe wetu. Banungwe ni batani: sisi ukoo wa mvula, yeye ukoo wa udongo. Bao njo banazika bafu betu, na sisi tunazika bafu babo. Alisimama, akatuangalia. Kisha akavua kofia na mukaba wa kiunoni, akaviweka chini, akakaa pa kiti cha baba.

"Eh, mvula imekatika!" akasema. "Mulafi huyu alikula bukari ya kwangu mupaka juzi. Sasa udongo utamukula yeye!"

Shangazi akafuta machozi. "Wewe udongo, bila mvula uko vumbi tu. Ona miguu yako!"

Bantu bakacheka, huku banalia. Njo akasema polepole: "Bakubwa, banungwe benu wa kule ku cité, inje ya kampi, banabangojea. Mulale kule, kule ruhusa ya muzungu haiombwi. Huyu mama, mke wangu, naye wa kampi hii, atakaa naye. Kesho mutanikuta mu kaburi, nachimba."

Bakaamuka bote. Hakuna mwenye alizunguka jiko.

Kesho yake tulimukuta kweli, kifua wazi, udongo mupaka kiunoni. Muzungu hakufika, hata jina ya mufu wetu hakuijua.

Bakubwa wengi ba serikali balinitawala tangu pale. Nililipa kodi, nilinyamaza. Kutii, nilitii bale benye nilijua watanizika.

Miaka ikapita, nikawa na batoto wangu, muzungu akingali anatawala. Jirani mumoja, munungwe wetu, akafa. Mutoto wangu wa kwanza, karani, na viatu vyake vya kung'aa, alikuwa pale pa kilio anapangia bantu mahali pa kukaa, sauti juu. Nikaita batoto banaume bote mu jiko, naye kati yao. Nikabaambia: "Kesho asubuhi wote ku makaburi, na majembe. Mwenye atarudi bila udongo ku mikono, asitume muntu hata maji mu nyumba hii."