Robo ya Tano

Saa tatu na nusu asubuhi treni ya kutoka St. Gallen inaingia Romanshorn, upande wa Uswisi, na Regula Oberhänsli ameshasimama kwenye daraja la feri. Haitazami treni. Anatazama miguu ya wanaoshuka: nani ana goti bovu, nani anaburuta sanduku, nani ni mwenyeji. Wakimaliza kupita, anajua nani atawahi basi la upande wa Ujerumani na nani itabidi ahimizwe.

Leo ukungu umelala juu ya Ziwa Konstanz, ndiyo Novemba yenyewe, na nahodha ametangaza kwamba atakwenda polepole. Feri huondoka saa tatu na dakika thelathini na sita na kufika Friedrichshafen saa nne na kumi na saba. Basi la vijiji vya juu huondoka saa nne na ishirini na tatu. Zinabaki dakika sita, na ukungu haujali ratiba ya mtu.

Kwenye karatasi, Regula ni mkagua tiketi. Kazi inayomla moyo ni nyingine: kuhakikisha wenye treni wanapata feri, na wenye feri wanapata basi. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akipiga simu ng'ambo kuomba dakika. Dereva wa basi anaruhusiwa kusubiri dakika tatu tu, basi hizo tatu huziomba kama anaomba chumvi kwa jirani.

Dereva huyo ni Eugen Rundel, Mswabia, Mjerumani wa kusini, mwenye maneno, ambaye kila akiombwa hukumbushia kwamba Waswisi wamezaliwa na saa mkononi na bado wanakuja kuomba dakika kwake. Regula humwacha amalize, kisha hudai kitu kimoja: saa itajwe kwa namba. Wenzake feri nzima wanamwita Bi Namba. Jina hilo halimuudhi hata kidogo, kwa sababu anajua lilikotoka.

Miaka minne iliyopita barabara ya juu ilikuwa ikitengenezwa, na kwa siku moja tu basi lilibadilishiwa muda. Eugen akapiga simu asubuhi na mapema: leo tunaondoka robo ya tano. Kwa Mswabia, robo ya tano ni robo ya kwanza ya safari ya kuelekea saa tano, yaani saa nne na robo. Mswisi akilisikia neno hilo atadhani ni saa tano na robo.

Regula hakuwa mgeni wa neno hilo. Hakuna mtu wa gatini asiyelijua. Lakini wakati huo alikuwa akifunga mnyororo wa lori la matofaa, simu ameibana begani.

"Nilisikia kwa sikio la nyumbani," anasema. "Sina kingine cha kujitetea."

Muda mfupi baadaye alikuja Annelies Züllig, fundi cherehani mstaafu wa hapo hapo Romanshorn. Kaka yake, Köbi, aliyeoa ng'ambo na kuhamia huko, alikuwa anapelekwa chumba cha upasuaji saa sita kamili, naye alitaka kumwona kabla. Akauliza: apande feri ya saa mbili na thelathini na sita, au asubiri inayofuata? Regula alimwambia asiwe na haraka, akanywe kahawa, basi lenyewe ni hadi saa tano na robo.

Annelies akanywa kahawa. Alipofika upande wa pili, basi lilikuwa limeondoka dakika mbili zilizopita. Kwa basi lililofuata alifika hospitali saa sita na robo, Köbi ameshaingizwa. Hakutoka hai.

Regula alikwenda nyumbani kwa Annelies kueleza kosa ni la nani. Annelies alimsikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha akaufunga mlango taratibu. Tangu hapo huvuka kila mwezi kwenda kaburini. Hutoa salamu, huonyesha tiketi, hupita.

"Angenitukana ningepata usingizi," Regula anasema.

Leo Annelies yumo ndani ya feri, chungu cha maua mapajani. Ni miaka minne kamili, na misa ya Köbi ni saa tano. Katikati ya ziwa Regula anapiga simu. Eugen anaanza na mzaha wake, lakini akisikia ni nani anayesafiri, mzaha unakatika.

"Dakika tatu, dada. Nina watu kumi na wawili wanaowahi treni huko mbele, siwezi kuwaacha hao kwa ajili ya huyu."

"Mpaka saa ngapi? Kwa namba."

"Nne, ishirini na sita."

Feri inagusa gati saa nne na ishirini na tatu. Kutoka hapo hadi kituoni ni mwendo wa dakika tatu kwa mwenye magoti mazima, na Annelies hana hayo. Kwa kawaida magari hushuka kwanza. Regula anainua mkono mbele ya gari la kwanza, anauacha mnyororo umefungwa, anachukua chungu cha maua mikononi mwa Annelies bila kuuliza na kutangulia kwenye njia ya magari. Honi zinalia nyuma yao. Hageuki.

Eugen amesimama kwenye ngazi ya basi, mguu mmoja mlangoni ili mlango usijifunge. Annelies anapanda, anapokea maua yake, na basi linaondoka. Regula anarudi kufungulia magari na kusikiliza lawama za madereva.

Saa tisa alasiri Annelies yuko kwenye feri ya kurudi. Anaonyesha tiketi, ila safari hii hapiti. Amesikia kwamba Regula anastaafu mwisho wa Desemba. Anataka kujua kama amewahi kulipanda basi lile.

Regula anakiri: hata siku moja. Miaka yote hiyo amewapandisha wengine.

"Basi njoo Januari, Jumamosi ya kwanza. Tukutane kituoni ng'ambo, robo ya tano."

Regula anamwomba aseme kwa namba.

"Nne na kumi na tano," anasema Annelies. "Kahawa utakunywa huko huko."

Tiketi ya siku hiyo Regula ameshainunua, iko kwenye mfuko wa koti la kazi. Feri ya saa tatu na thelathini na sita ingemfikisha dakika mbili baada ya miadi. Kwa hiyo atapanda ya saa mbili na thelathini na sita, ile aliyomwambia Annelies aiache.